Kupima chuo cha ufundi Kampala kabla hujalipa ada

Ukifika chuoni, usianzie ofisini. Huko utapewa kipeperushi na orodha ndefu ya kozi. Omba kuonyeshwa karakana, tena siku ya kazi, kati ya saa nne na saa saba mchana, wanafunzi wakiwa ndani. Karakana iliyofungwa Jumanne saa nne asubuhi imeshakujibu.

Hesabu mashine zinazofanya kazi. Cherehani iliyofunikwa kitambaa na kurundikiwa madaftari haimo. Kisha uliza darasa lina wanafunzi wangapi, uzidishe mashine kwa dakika za kipindi, ugawe kwa wanafunzi. Mashine 3 za kuchomelea, kipindi cha saa 3, wanafunzi 30: kila mmoja anapata dakika 18. Cherehani 10, saa 2, wanafunzi 25: dakika 48. Anayefunga kibanda chake katika soko la Owino na kukimbilia kipindi cha jioni mara tatu kwa wiki aifanye hesabu hii kwa makini zaidi, maana hana asubuhi ya kufidia.

Mashine bila vifaa ni pambo. Elektrodi ya milimita 2.5 huisha kwa dakika moja hivi, kwa hiyo zile dakika 18, hata ukiondoa muda wa kupanga vyuma na kugonga magamba, zinahitaji elektrodi kama kumi kwa kila mwanafunzi. Chuo kinachogawa mbili kwa kipindi kinakufundisha kutazama. Uliza elektrodi, vyuma chakavu na vitambaa vya kujifunzia vinanunuliwa na nani, na kama vimo ndani ya ada.

Omba pia kuona kazi ya mwanafunzi wa muhula wa pili: vipande viwili vya bamba la milimita 3 vilivyounganishwa. Vibanwe kwenye jiliwa, vigongwe kwa nyundo hadi viachane. Vikiachia kwenye mshono na kingo za bamba zikabaki kama zilivyokatwa, moto ulikuwa mdogo au mkono ulikwenda mbio. Mashimo makubwa maana yake ni moto mwingi au mkono uliokawia. Vitundu vidogo kama vya mkate hutokana na kutu, rangi, au elektrodi zilizoshika unyevu, jambo la kawaida msimu wa mvua pakiti zikiachwa wazi sakafuni. Makosa si aibu, mradi mkufunzi aweze kukueleza chanzo chake papo hapo. Akibabaika, mtafute mwingine.

Uliza yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zinanunuliwa na nani zikiisha katikati ya kipindi. Jenereta inayowasha taa za ofisi si lazima iweze kubeba mashine ya kuchomelea. Omba iwashwe uone. Na kama chuo kiko Bwaise au karibu na mfereji wa Nakivubo, tazama kuta: alama ya maji ikipita kimo cha meza, uliza mota huhamishiwa wapi mvua za Machi hadi Mei zikianza.

Sasa nenda ofisini. Kozi ya miaka 2 ya Cheti cha Taifa kwa kawaida huhitaji cheti cha S.4, yaani kidato cha nne. Aliyeishia P.7 (darasa la saba), au fundi aliyejifunzia kazi Katwe bila karatasi yoyote, aulizie kozi fupi za moduli na Worker's PAS, hati ya ujuzi uliopatikana kazini, inayopima kazi ya mikono. Mitihani ilikuwa chini ya UBTEB (bodi ya mitihani ya biashara na ufundi) na DIT (kurugenzi ya mafunzo ya viwanda) hadi sheria mpya ya mwaka 2025 ilipoleta bodi moja, UVTAB. Vyeti vya zamani vitakuwa na majina ya zamani, hilo si tatizo. Tatizo ni chuo kinachosema kinatoa cheti “chake chenyewe” kisha kikaruka swali la mtihani. Omba kuona namba ya kituo cha mtihani na leseni, uthibitishe kwa bodi na wizara.

Ada idai kwa maandishi, kila kitu mstari wake: masomo, usajili wa mtihani, vifaa, overoli, buti. Usajili wa mtihani ndio huwashtua wengi, kwa sababu hutajwa muhula ukikaribia kwisha. Ongeza nauli mwenyewe: shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 5, wiki 12, ni 240,000. Lipa kwenye akaunti ya chuo, si mkononi mwa dalali aliyekupokea Old Taxi Park, na utunze risiti.

Siku ya kusajiliwa, soma jina lako herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi, kitambulisho cha taifa kikiwa mkononi. Nakato akiandikwa Nakatto, cheti kitatoka na Nakatto, na kurekebisha ni foleni nyingine na gharama nyingine.