Kukata bima ya gari lililoagizwa nje, kabla ya kupata namba

Mtu aliyeagiza gari kutoka Japani huhangaika mno na ushuru na wakala wa forodha, na bima huikumbuka siku gari linapotoka bandarini Dar es Salaam, dereva akiwa tayari kwa safari ya Mwanza. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari litumike barabarani bila angalau bima inayowakinga watu wengine, ile tuiitayo bima ndogo. Kwa hiyo ikate wakati usajili ungali unashughulikiwa TRA.

Kwa kuwa gari bado halina namba ya usajili, kampuni ya bima huliandika kwa namba ya chesisi, na hapo ndipo makosa hutokea. Isome namba hiyo kwenye gari lenyewe, kisha uilinganishe na nyaraka za forodha herufi kwa herufi, kwani tarakimu moja ikikosewa utakuwa umelipia gari lisilokuwapo. Kadi ya gari ikitoka, mpelekee wakala wa bima nakala yake ili aingize namba mpya, na uhakikishe kwamba jina la mwenye bima ndilo lililo kwenye kadi, hasa ikiwa gari liliagizwa kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya ndugu yako.

Taja matumizi halisi ya gari. Anayeandikisha gari la binafsi kisha akabeba abiria kwa malipo anaokoa fedha kidogo, lakini anaipa kampuni sababu ya kukataa madai yake.

Bima ndogo ya gari dogo la binafsi haipungui shilingi 100,000 kabla ya VAT, hivyo anayekuuzia kwa nusu ya bei hiyo anakuuzia karatasi. Ukishalipa, ingia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka inayosimamia bima nchini, uitafute bima yako kabla hujawasha gari. Isipoonekana humo, usiondoke. Bima ndogo haitengenezi gari lako ukigonga, na kama umelinunua kwa mkopo, benki kwa kawaida itadai bima kubwa, inayolikinga na gari lenyewe.

Atakayevuka Tunduma kuingia Zambia aombe pia Kadi ya Njano ya COMESA (jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika), yaani bima inayowakinga watu wengine ukiwa nje ya nchi, ambayo Tanzania bado inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.