Kumtengenezea Wakala wa Akili Mnemba Zana ya Kutafutia Kadi za Magic

Hapa Tanga, mtu akikuambia kwamba anakaa Ngamiani hajakuambia anakaa wapi mpaka ataje ni barabara ya ngapi. Kadi za kukusanya na kubadilishana ziko vivyo hivyo, na zana nyingi nilizowahi kuziunganisha na mawakala wa akili mnemba (programu zinazotumia modeli ya lugha kujibu maswali na kutumia zana) zilikuwa zikiishia Ngamiani: zinarudisha jina la kadi, kisha wakala anajichagulia toleo mwenyewe na kutaja bei bila wasiwasi wowote. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza zana isiyompa nafasi hiyo, kwa kutumia kadi za mchezo wa Magic: The Gathering. Utahitaji Python, pamoja na hifadhidata ya SQLite toleo la 3.34 au la baadaye.

Hatua ya kwanza ni kupata data. Scryfall, tovuti ya kutafutia kadi za Magic, hutoa bure faili la JSON linaloitwa Default Cards, ambalo husasishwa kila siku. Lipakue zima badala ya kuisumbua seva yao kwa kuuliza kadi moja moja. Lina mamia ya megabaiti, hivyo mimi husubiri bando la usiku.

Hatua ya pili ni kupanga jedwali, na hapa ndipo wengi hukosea. Karibu kila rekodi ina vitambulisho viwili vya kuzingatia: `oracle_id`, ambacho ni kimoja kwa machapisho yote ya kadi ileile, na `id`, ambacho ni cha chapisho moja tu. Ufunguo wa jedwali lako uwe `id`. Chukua mfano wa Black Lotus: mwaka 1993 ilichapishwa katika seti (mafungu ya kadi zinazotolewa pamoja) za Alpha, Beta na Unlimited, na mwaka huohuo ikatoka pia katika Collectors' Edition, ambayo kwa mbele inafanana mno na ile ya Beta, lakini pembe zake ni za mraba, mgongo wake una ukingo wa dhahabu, na hairuhusiwi katika mashindano rasmi. Jina ni moja na picha ni moja, ilhali thamani zinapishana mno. Hifadhi pia msimbo wa seti, namba ya kadi, lugha, na sehemu ya `digital`, kwa kuwa baadhi ya machapisho yapo kwenye kompyuta tu na hayajawahi kushikwa na mkono wa mtu.

Hatua ya tatu ni utafutaji unaovumilia makosa ya tahajia. Tengeneza faharasa ya FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafutia maandishi, inayokata maneno katika vikundi vya herufi tatu tatu:

`CREATE VIRTUAL TABLE faharasa USING fts5(jina, tokenize='trigram');`

Faharasa hii peke yake hutafuta kipande cha neno kilichoandikwa sawasawa, kwa hiyo haitamsaidia aliyeandika "Blak Lotas". Dawa yake ni kulikata swali lenyewe katika vikundi hivyo, nafasi ikihesabiwa kama herufi, kisha kuviunganisha kwa OR na kupanga majibu kwa `rank`, yaani yanayolingana zaidi yatangulie. "Blak Lotas" hutoa vikundi 8, na 4 kati ya hivyo vimo katika jina sahihi, kiasi ambacho kwa kawaida kinatosha kuifikisha kadi miongoni mwa majibu ya juu. Swali lenye herufi chini ya tatu lishughulikiwe kwa ulinganisho wa kawaida.

Hatua ya nne ni kuifungua zana kwa wakala. Mimi hutumia Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotangazwa na Anthropic mwaka 2024. Weka kazi (functions) mbili tu: `tafuta_kadi`, inayopokea jina na, kwa hiari, seti na namba, na `pata_kadi`, inayopokea `id` peke yake. Bei itolewe na kazi ya pili tu, ikiambatana na tarehe ya data, kwa sababu Scryfall wenyewe wanaonya kwamba bei iliyopita saa 24 si ya kutegemewa. Matokeo ya utafutaji yasizidi matano, kila moja likiwa na sehemu chache, maana rekodi nzima humjazia wakala mambo asiyoyahitaji. Jumla ya machapisho yaliyopatikana itajwe pia, asije akadhani ameyaona yote. Yanapokuwa zaidi ya moja, jibu lianze hivi:

`{"hali": "haijabainika", "jumla": 7, "muulize_mtumiaji": "seti, namba, umbo la pembe, rangi ya ukingo wa mgongoni"}`

Maelezo ya zana yaandike kama unayempa maagizo kijana mpya wa dukani, kwa kuwa modeli huyasoma kabla ya kuamua itumie kazi ipi. Vivyo hivyo, ujumbe wa kosa useme la kufanya. "Hakuna seti yenye msimbo huo, jaribu bila seti" una faida kuliko namba ya kosa.

Hatua ya tano ni majaribio. Mwulize wakala bei ya Black Lotus bila kuongeza neno. Akitaja kiasi chochote cha fedha, rudi hatua ya nne. Akikuomba uigeuze kadi na kumweleza rangi ya ukingo wa mgongoni, zana iko tayari.