Kuikunjua Nakshi ya Ngoma Kuwa Picha Moja Bapa

Nakshi inayozunguka ngoma, mtungi au kopo haionekani yote kwa mtazamo mmoja. Picha ya upande mmoja huonyesha chini ya nusu ya mzingo, na hata katika sehemu hiyo maumbo yaliyo karibu na kingo hubanwa mno. Wachunguzi wa vyombo vilivyochorwa na Wamaya wa Amerika ya Kati walikabiliwa na tatizo hilo hilo, na katika miaka ya 1970 mpigapicha wa Marekani, Justin Kerr, akaunda kamera iliyopitisha filamu nyuma ya mwanya mwembamba wakati chombo kikizungushwa, hata mchoro mzima ukajikunjua kwenye filamu. Kwa kamera ya kawaida ya dijitali kanuni ni ileile: chukua ukanda mwembamba wa katikati katika kila picha, kisha uziunge kanda hizo.

Wengi hupiga picha nne au tano tu na kuiachia programu kazi ya kuzinyoosha. Siwashauri kufanya hivyo, na hesabu inaonyesha sababu. Ukanda unaochukua nyuzi 60 za mzingo huwa umebanwa kwa takribani asilimia 13 pembeni. Wa nyuzi 30 hubanwa kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Wa nyuzi 10 haufikii hata nusu ya asilimia moja, kiasi ambacho jicho halikioni. Kwa hiyo picha 36, kila moja baada ya mzunguko wa nyuzi 10, huondoa karibu haja yote ya kunyoosha.

Tafuta meza ndogo ya kuzungusha, kama ile inayotumiwa na wapambaji wa keki, na ubandike ukingoni mwake karatasi iliyogawanywa kwa nyuzi 10. Kuiweka ngoma katikati kabisa ya meza ndiyo hatua inayostahili subira kuliko zote, kwa sababu ngoma iliyo pembeni hukaribia kamera na kuiacha kadiri inavyozunguka, na ukubwa wa nakshi hubadilika nayo. Washa mistari ya gridi kwenye kioo cha kamera, zungusha meza polepole, na utazame ukingo wa ngoma: ukihama kutoka kwenye mstari, sogeza ngoma kidogo na ujaribu tena.

Kamera ikae kwenye stendi, usawa wa nusu ya kimo cha ngoma, na mhimili wa ngoma uangukie katikati ya picha. Irudishe nyuma kadiri chumba kinavyoruhusu na utumie lenzi ya kuvuta, maana kamera iliyo karibu huupinda mdomo wa ngoma kwenda juu na kitako kwenda chini. Kipimo cha mwanga, rangi na fokasi viwekwe kwa mkono na visiguswe hadi mwisho. Taa nayo isihame: kwa kuwa ni ngoma inayozunguka, kila ukanda utaangazwa kutoka upande uleule, na kwa nakshi ya kuchongwa taa moja ya ubavuni hutoa vivuli vinavyolingana pande zote, jambo ambalo mtu anayeizunguka ngoma akiwa na kamera mkononi hawezi kulipata.

Kabla ya kuanza, piga picha ya rula iliyogusa uso wa mbele wa ngoma. Ikiwekwa nyuma zaidi itaonekana ndogo na kuharibu vipimo vyote. Pima pia mzingo kwa utepe wa fundi cherehani. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 20 ina mzingo wa karibu sentimita 62.8, hivyo kila ukanda ni sentimita 1.745; rula ikionyesha pikseli 100 kwa sentimita, kata pikseli 175. Zungusha meza kwa mwendo wa saa, ukiitazama kutoka juu, ili kanda zifuatane kutoka kushoto kwenda kulia. Programu ya bure ya ImageMagick hukata na kuunga kwa amri moja:

magick *.jpg -gravity center -crop 175x4000+0+0 +repage +append ngoma.png

Badilisha 4000 iwe kimo cha picha zako. Matokeo yatakuwa na upana wa pikseli 6,300. Yabane hadi 6,280 ili yalingane na mzingo uliopimwa.

Ngoma inayopungua kuelekea chini ina umbo la pia (koni) iliyokatwa ncha, na ikikunjuliwa kwa haki hutoa umbo la upepeo, si mstatili. Kwa anayetaka kusoma michoro tu, mstatili unafaa ingawa sehemu ya chini itakuwa imetanuliwa. Anayetaka kupima atalazimika kukata kila ukanda ukiwa mpana juu na mwembamba chini. Kibuyu na chungu ni kesi nyingine kabisa. Mwanahisabati wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa tufe hauwezi kulazwa bapa bila kupotoshwa, na hakuna programu inayokwepa hilo. Chagua mstari ambapo mapambo yamekolea, mara nyingi begani mwa chungu, fanya kipimo kiwe sahihi hapo, na useme wazi chini ya picha kwamba kwingine si sahihi.

Mshono wa mwanzo na mwisho uangukie mahali penye pengo katika nakshi. Pasipokuwa na pengo, rudia kanda mbili tatu za mwanzo kwenye ncha ya kulia, na uziwekee alama, ili msomaji aone mchoro unavyoendelea bila kuhesabu umbo moja mara mbili.