Namna ya Kuandaa Jarida la Wastaafu

Chama cha wastaafu kinapoamua kuchapisha jarida lake, aghalabu huanza kwa kukusanya makala za shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti, na toleo la kwanza hutoka likifanana na ubao wa matangazo wa zahanati. Mtumishi wa umma anayestaafu nchini Tanzania kwa umri wa lazima, ambao kwa walio wengi ni miaka 60, bado ana shamba la kusimamia, kikoba cha kuhudhuria, kwaya au darsa la kila wiki, na wajukuu wanaomletea maswali ya hesabu. Mhariri aanze na mambo hayo.

Panga kwanza idadi ya kurasa. Jarida linalofungwa kwa pini mbili katikati lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa kuwa kila karatasi inayokunjwa huzaa kurasa nne. Kurasa 32 zinatosha kwa kuanzia. Kwa maoni yangu, afya isipewe zaidi ya kurasa nne, tena iandikwe kwa ajili ya mtu anayetaka kufanya jambo. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na ya nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Makala iliyo na picha za mtu wa umri huo akiinuka na kuketi kitini ina manufaa kuliko orodha ya magonjwa. Fedha zipewe nafasi pana zaidi: matumizi ya kiinua mgongo, taratibu za uhakiki wa wastaafu, mirathi, na ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kurasa zinazobaki zigawanywe kati ya safari, kilimo, kumbukumbu za kazi, chemshabongo na barua za wasomaji, ambazo ningeziweka mwanzoni kabisa, kwa sababu ndiko wenzao watakakoanza kusoma.

Majarida mengi ya aina hii huharibika kwenye maandishi. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hukakamaa, na kadiri umri unavyosonga huingia umanjano na kupitisha mwanga kidogo zaidi, hivyo herufi za kijivu au za buluu hafifu, ambazo msanifu kijana huziona maridadi, humchosha msomaji. Tumia wino mweusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa, yenye uzito wa gramu 90 kwa mita ya mraba au zaidi ili maandishi ya upande wa pili yasionekane. Taasisi ya wasioona ya Uingereza, RNIB, inapendekeza herufi zisipungue pointi 12, na ikiwezekana zifike 14, chagua 14. Epuka aya nzima za herufi za mlalo au za herufi kubwa tupu, na usichapishe maandishi juu ya picha.

Kiswahili kina tatizo lake hapa. Vitenzi vyetu hubeba viambishi vingi, na neno kama "wanavyoyashughulikia" likiingia katika safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, mstari huacha mapengo makubwa yanayolipotezea jicho njia. Kwa ukurasa wa A4, weka safu mbili badala ya tatu, unyooshe upande wa kushoto pekee. Miraba ya fumbo la maneno nayo iwe mipana kiasi cha kuandikwa kwa kalamu ya risasi bila kubanana.

Kabla ya kumruhusu mpiga chapa aendelee, chapisha kurasa mbili tatu kwenye karatasi ileile itakayotumika, uwapelekee wasomaji kadhaa waliopita miaka 70, wakati wa jioni, wakiwa na miwani yao ya kila siku na taa ya sebuleni kwao. Usiwaulize kama wanaona vizuri, maana kwa adabu watakujibu kwamba wanaona. Waombe wakusomee kwa sauti maelezo ya picha, tarehe ya mkutano na namba ya simu ya chama; watakapokwama, ongeza ukubwa wa herufi hata kama itabidi makala moja isubiri toleo lijalo.