Kuandaa hesabu za nyumba za kupangisha kabla ya ukaguzi wa kodi

Neno "kodi" kwa Kiswahili ni fedha anayolipa mpangaji na pia ni fedha inayodaiwa na serikali, na nimepokea daftari nyingi za wenye nyumba zilizovurugika kwa sababu hiyo tu. Hapa fedha ya mpangaji nitaiita pango, na ya serikali nitaiita kodi. Nakusihi ufanye vivyo hivyo kwenye daftari lako.

Hatua ya 1: Anza na taarifa ya benki

Wengi huanza kwa kukusanya risiti. Mkaguzi kwa kawaida huanzia benki: hujumlisha fedha zote zilizoingia, kisha hulinganisha jumla hiyo na pato ulilotangaza, na tofauti usiyoweza kuieleza huelekea kuchukuliwa kuwa pato lililofichwa. Kwa hiyo fungua akaunti ya nyumba peke yake, na kila mwisho wa mwezi pitia taarifa mstari kwa mstari ukiandika pembeni kila fedha ni ya nini: "pango, nyumba namba 2, mwezi Machi", "mkopo kutoka kwa kaka", "akiba yangu, ya kununulia rangi". Mkopo na akiba yako si pato, lakini utahitaji mkataba wa mkopo na ushahidi wa akiba ilikotoka, kwa kuwa maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi.

Hatua ya 2: Andika pango lote, hata lile usilolishika

Tuseme wakala amekusanya 1,000, akakata ujira wake wa 100, akakutumia 900. Pato lako ni 1,000, na ile 100 ni gharama inayoandikwa kwenye mstari wake. Ukitangaza 900, hesabu zako hazitaoana na za wakala, na mahali ambapo kodi hutozwa kwenye pato ghafi, yaani pato lote kabla ya kutoa gharama, utakuwa umelipa pungufu. Amana ya mpangaji ni kinyume chake: kwa kawaida ni deni juu yako hadi siku utakapoizuia kufidia pango au uharibifu, ndipo inapogeuka kuwa pato.

Hatua ya 3: Tenganisha matengenezo na uboreshaji

Hapa ndipo ninapoona mabishano mengi zaidi. Kubadilisha mabati 3 yanayovuja ni matengenezo, na gharama yake kwa kawaida hukatwa kwenye pato la mwaka uleule. Kuezua paa lote ili kuweka vigae ni uboreshaji, ambao huongezwa kwenye gharama ya mali na kukatwa kidogo kidogo kwa miaka. Risiti inayosema "kazi ya paa" haimwambii mkaguzi ni ipi kati ya hizo mbili. Mwombe fundi aandike idadi ya mabati, nyumba na tarehe, nawe upige picha kabla na baada ya kazi. Risiti yenyewe ipige picha siku hiyohiyo, kwa sababu zile za mashine hufifia na baada ya miaka michache hubaki karatasi nyeupe.

Hatua ya 4: Gawa thamani ya ardhi na ya jengo

Ardhi haichakai. Ukinunua mali kwa 100,000, na 30,000 kati ya hizo ni thamani ya ardhi, uchakavu, yaani sehemu ya gharama ya jengo inayokatwa kwenye pato kila mwaka, hukokotolewa kwenye 70,000 tu. Katika mkopo wa benki, riba ndiyo gharama, kwa masharti ya sheria ya nchi husika. Marejesho ya mkopo wenyewe siyo. Nyaraka za ununuzi na za uboreshaji zitunze hadi mali itakapouzwa na muda wa kukaguliwa kwa mauzo hayo upite, kwa kuwa ndizo zitakazopunguza faida itakayotozwa kodi.

Hatua ya 5: Barua ya ukaguzi ikifika

Soma kwanza inahusu mwaka gani, kodi ya aina gani, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Jibu kwa maandishi, ukipeleka nakala za kilichoombwa na kubaki na nyaraka halisi. Ukigundua kosa lako, litaje kabla hawajalifikia, maana sheria za nchi nyingi hupunguza adhabu kwa anayejitokeza mwenyewe. Risiti iliyopotea usiitengeneze upya; omba nakala kwa aliyeitoa, au onyesha malipo yake kwenye taarifa ya benki. Usipokubaliana na makadirio ya mwisho ya kodi unayodaiwa, wasilisha pingamizi ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, kwa sababu muda huo ukipita deni kwa kawaida husimama kama lilivyo.