Kusubu vichwa vya risasi vya .22 Hornet: anza na mtutu, baruti baadaye

Wengi wakianza kusubu vichwa vya .22 Hornet, risasi ndogo ya bunduki, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, hukimbilia baruti. Wanabadili aina, wanaongeza, wanapunguza, na matundu kwenye karatasi bado yametawanyika kama mtama uliomwagika. Hapa Marekani nilipoteza msimu mzima hivyo, mpaka nilipoupima mtutu wenyewe. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo haya ni kwa mwenye ruhusa ya sheria ya alipo.

Hatua ya 1: Pima mtutu. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti. Chukua kipande cha madini laini ya risasi, kipake mafuta, ukisukume taratibu kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu hadi kitokee nyuma. Kitatoka na alama za mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kuzungusha kichwa. Kipime kwa mikromita. Kikisoma milimita 5.69, kichwa chako kiwe 5.72. Kichwa kinachopwaya hupitisha gesi ya moto pembeni, madini yakayeyuka na kuganda ndani ya mtutu, na shabaha imekwisha.

Hatua ya 2: Subu. Natumia sehemu 90 za madini ya risasi, 5 za bati na 5 za antimoni. Vaa miwani na glavu, kaa penye hewa, watoto wawe mbali. Tone la maji likiingia kwenye sufuria, madini hukurukia usoni. Vichwa vya mwanzo hutoka na mikunjo kwa sababu kalibu bado ni baridi, virudishe sufuriani.

Kisha kagua kitako. Shika kichwa kwenye mwanga, kizungushe polepole kati ya vidole. Ukingo wa kitako uwe mkali pande zote. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu: upande mmoja ukiwa butu, gesi hutangulia kutoka huko na kukisukuma kichwa kombo. Mimi hutupa hata chenye kasoro ya kutafuta kwa macho.

Hatua ya 3: Pima uzito. Kichwa hiki kina gramu 2.9 tu, basi kiputo kidogo cha hewa ndani yake ni kitu kikubwa. Kikienda mita 550 kwa sekunde katika mtutu unaokizungusha mara moja kila sentimita 40.6, kinazunguka zaidi ya mara 80,000 kwa dakika. Hapo kasoro haijifichi. Navitenga kwa makundi ya tofauti ya gramu 0.02.

Hatua ya 4: Vika kitako kikombe cha shaba, paka nta, kisukume kupitia tundu la chuma la milimita 5.72 ili kitoke na upana huo kamili.

Hatua ya 5: Sasa baruti. Fuata jedwali la mtengenezaji wa baruti kwa kichwa cha kusubu cha uzito huo, anzia kiwango cha chini kabisa, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Piga tano tano, kila kiwango mara mbili. Kundi dogo lisilojirudia ni bahati tu.

Ukimaliza, mulika ndani ya mtutu. Madini yakiwa yameganda karibu na chemba, rudi kwenye kipimo cha kichwa. Yakiwa karibu na mdomo, nta iliisha njiani.