Geti Lililo Wazi Heathrow Si la Bure

Anayetoka Amu amezoea safari ambayo kila hatua ina mtu wa kumdai nauli. Ukishuka ndege Manda mkokoteni unafikisha masanduku gatini, nahodha anataja bei yake, na utingo wa basi la Mokowe hakuachi ukae kabla hujalipa. Heathrow, uwanja wa ndege wa London, hakuna anayekudai nauli ya treni ya kwenda mjini. Geti ndilo linalohesabu, na geti halisemi.

Kwenye laini za treni za Piccadilly na Elizabeth unagusisha kadi ya benki au simu getini ukiingia, kisha ukitoka. Ukiwa na masanduku mawili ya kilo 23 utapita geti pana, la wenye mizigo na vigari vya watoto. Mara nyingi huwa wazi, au mfanyakazi anakufungulia kwa huruma, nawe unapita ukishukuru. Usipite! Tua sanduku, gusisha kadi, ngoja mlio, ndipo uende. Usipogusisha, mtambo haujui ulishuka wapi, nao hukukata nauli ya juu kabisa. Narudia, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tulipoumia: geti likiwa wazi, gusisha.

Na kadi iwe ileile. Mgeni akiingia kwa simu, simu ikaisha chaji, akatokea kwa kadi ya benki, mtambo unaona watu wawili: mmoja aliingia hakutoka, mwingine alitoka hakuingia. Zinakatwa nauli mbili za juu, hata kama simu na kadi ni za akaunti moja. Kadi usiiache ndani ya pochi yenye nyingine, maana hujui itasomwa ipi. Itie mfuko wa shati, na mkono mmoja uwe mtupu muda wote. Kama mizigo haikuachii mkono, basi imezidi.

Nyinyi mnaowaita wazazi waje kutembea, msiwaambie "pandeni treni tu, ni rahisi." Mama na ami hawawezi kutumia kadi moja kama mnavyolipiana kwenye matatu ya Malindi, kila mtu na yake. Mtoto wa chini ya miaka 11 hupita bure akiwa na mtu mzima. M-Pesa haifungui geti. Na nyinyi mlio nyumbani, halwa na achari tunazipenda mno, lakini sanduku la tatu la kufungwa kwa kamba halina hamali huku.

Waingereza si watu wabaya. Watakuona ukihangaika ngazini na watanyamaza, kwa kuwa kwao kushika mzigo wa mtu bila idhini ni kumkosea adabu. Omba, na mikono itanyooshwa. Kwetu mzigo ungekuwa begani mwa mtu kabla hujafungua mdomo, na mimi naona sisi ndio tuko sawa.

Kosa jingine liko jukwaani. Pale Terminali 2 na 3, treni ya Elizabeth na Heathrow Express hupita mageti yaleyale na majukwaa yaleyale. Express hufika Paddington, kituo cha katikati ya London, kwa dakika 15 hivi, lakini nauli yake inakaribia mara mbili ya Elizabeth. Soma jina la treni kabla ya kupandisha sanduku. Piccadilly haifiki hata nusu ya nauli ya Elizabeth, ila ni ya polepole na vituo vyake vingi vina ngazi. Green Park na King's Cross vina lifti. Elizabeth ina njia isiyo na ngazi hadi jukwaani kila kituo. Siku za kazi, epuka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi.

Ukirudi nyumbani, tazama terminali kwenye tiketi. Ya 4 na ya 5 ziko matawi tofauti ya reli. Ukikosea treni ya Elizabeth, shuka 2 na 3 ubadilishe.

Kesho yake kagua safari zako kwenye akaunti ya usafiri wa London. Ikiwa moja haina mwisho, dai marejesho mapema, ukitaja kituo ulichoshukia na saa.